Ukishika maiki: mwongozo kamili wa kuongea mbele za watu na kesho yake bado uwaangalie usoni

Mara ya kwanza watu kunipigia makofi ya kweli kweli, nilikuwa nimewadanganya. Ilikuwa mkutano wa sako yetu ya boda hapa Uganda (chama cha kuweka na kukopa), watu kama arobaini hivi chini ya mwembe karibu na steji yetu, pale tunaposubiri abiria, mimi ndo katibu, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuwashawishi wapandishe mchango wa wiki kutoka elfu mbili mpaka elfu tano. Naongea naona hawashtuki, wengine wako kwenye simu, mmoja anakula rolex yake (chapati iliyoviringishiwa mayai) taratibu kama yuko kwake, basi nikachomoa mfano niliousikia sijui wapi, nikasema kuna steji huko upande wa pili wa mji walianza na hiyo hiyo elfu tano na mwaka haujaisha kila mtu ana pikipiki yake, hakuna anayempelekea bosi pesa jioni. Wee! Makofi, vigelegele, mtu wa rolex naye akasimama. Elfu tano ikapita siku hiyo hiyo, nikarudi nyumbani najiona Nyerere.

Wiki tatu baadaye mzee mmoja wa steji, yule ambaye daftari lake la mistari halimtoki kwapani, akanikuta kwa mama wa chai akaniuliza kwa upole kabisa: "Katibu, ile steji uliyotuambia iko wapi? Nataka niende niwaulize walifanyaje." Nikameza chai ya moto. Jibu sikuwa nalo.

Huyo mzee tutakutana naye tena huko chini. Nimeanza naye kwa sababu miongozo mingi ya kuongea mbele za watu inakufundisha kupata makofi tu, na makofi si kitu kigumu. Wengi wetu tunaongea mbele ya watu ambao kesho tutapanda nao taksi moja, tutaswali nao au tutakaa nao benchi moja kanisani. Kwa hiyo hapa chini ufundi na uaminifu nimevichanganya makusudi, sijavitenga.

Anza na watu, maneno baadaye

Kabla hujaandika hata neno moja, jiulize ni nani hao unaoenda kuongea nao. Wako wangapi, wanajua nini tayari kuhusu hiyo mada, nini kinawauma, nini wanakiogopa, na samahani lakini hii ni muhimu, watakuwa wamekula? Mkutano wa saa nane mchana juani ni mnyama mwingine kabisa tofauti na ule wa saa moja asubuhi. Kama huwajui, nenda mapema siku moja kabla, au mpigie aliyekualika umuulize maswali hayo hayo. Mimi huwa nauliza pia nani ameongea nao mara ya mwisho na waliishiaje, manake saa zingine unaingia mahali watu bado wana kinyongo na aliyekutangulia na wewe unabebeshwa mzigo wake.

Halafu lugha. Hii kwetu Uganda ni somo lenyewe. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, sawa, karatasi iko, lakini mtaani mambo ni tofauti. Ukiwa Busia, Malaba, Bombo au Arua unaongea Kiswahili na maisha yanaendelea, hakuna anayegeuka. Njoo sasa katikati ya Kampala uanze kuongea Kiswahili mbele ya wazee, utaona nyuso zinabadilika, kwa wengi wao hii ni lugha iliyowasimamisha kwenye vizuizi vya wanajeshi barabarani miaka ile, lugha ya bunduki. Si kosa lako na si kosa lao. Unachofanya ni kuwasalimia kwanza kwa lugha yao, "bassebo ne bannyabo, mulimutya" (mabwana na mabibi, hamjambo, kwa Kiganda), hata kama matamshi yako yanachekesha, wacha wacheke, ndo mlango umefunguka. Kisha unawaambia kwa nini umechagua Kiswahili, mfano "hapa tuna watu wa kutoka Gulu, Mbale na Kasese, hii ndo lugha tunayokutana nayo wote".

Na usiwaletee Kiswahili cha mtihani. Ukisema "makadirio ya mapato na matumizi" mbele ya watu wa sokoni umewapoteza, sema bajeti, sema pesa inayoingia na inayotoka.

Ukiongea kupitia mkalimani

Kwenye vitabu vya kigeni hii utaikuta kwa nadra, lakini hapa kwetu nusu ya hotuba zinapita kwa mkalimani, kanisani, kwenye kampeni za chanjo, kwenye mikutano ya wakimbizi kule Nakivale au Bidibidi. Watu wengi wanaiharibu vibaya sana.

Kaa na mkalimani wako dakika kumi kabla. Mpe majina ya watu, namba zote, na maneno magumu, mwambie mapema "nitatumia neno riba, utalisemaje?" Ukisikia anajikuna kichwa, badilisha neno. Ukiwa mbele, sema wazo moja fupi halafu nyamaza. Wazo moja, si nusu ya sentensi, manake ukimpa nusu atalazimika kubahatisha mwisho wake, na ukimpa sentensi nne atakumbuka mbili, zile nyingine atajitungia. Macho yako yabaki kwa watu muda wote, hata yeye anapoongea, usimgeukie mkalimani ukaanza kuongea naye kama mko wawili. Vichekesho vya kucheza na maneno viache nyumbani. Nilishawahi kumuona msemaji anapiga utani wa Kiswahili mrefu, mkalimani akageuka akawaambia watu kwa lugha yao "mgeni ametania, tafadhali cheka", wakacheka kweli. Yule mgeni akaendelea akidhani ni mchekeshaji.

Muda nao piga mara mbili. Kama umepewa dakika 20 na mkalimani yupo, una dakika 10 tu za kwako.

Sentensi moja kwenye karatasi

Sasa andika sentensi moja: nikimaliza nataka watu hawa wafanye nini, waamini nini au wajue nini. Nitatumia mfano wetu wa juzi juzi tulipokuwa tunaanzisha mfuko wa ajali. Mwanzoni niliandika "kuongelea umuhimu wa akiba". Hiyo si kitu, hiyo ni hewa. Nikaifuta nikaandika: "Wanachama wakubali kuweka shilingi 1,000 kwa siku kwenye mfuko wa ajali kuanzia Jumatatu." Ona tofauti, ya pili unaweza kujua jioni kama imetokea au haijatokea. Na kila kitu ambacho hakisaidii hiyo sentensi, hata kama ni kitamu vipi, kinatoka.

Hapo hapo jipime kama hiyo sentensi unaweza kuisoma kwa sauti mbele yao. Kama huwezi, kuna kitu unaficha. Kampala mmezizoea hizi, unaalikwa semina ya afya, unakaa saa nzima unaelezwa kuhusu maini na figo, mwishoni kumbe ni mtu anauza dawa za makopo na anataka ulete watu watatu chini yako. Huyo msemaji anaweza kuwa na sauti nzuri na suti safi, lakini alikuibia tangu alipokualika.

Kutafuta cha kusema, na namba zako ziwe za kweli

Mgriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema mtu anashawishika kwa njia tatu: hoja zenyewe, hisia anazoamshiwa, na jinsi anavyomwona anayeongea. Bado hakuna aliyeongeza cha maana sana hapo. Watu wetu wengi wanaegemea hisia peke yake, wanapiga kelele, wanalia, wanarukaruka. Hisia bila hoja inaisha mkutano ukiisha. Hoja bila hisia haimuamshi aliyelala. Na hizo mbili hazifai kitu kama watu wanakujua kwa kutolipa madeni.

Kwenye hoja, fanya hesabu mbele yao badala ya kuwapa jibu tu. Mimi kwenye mfuko wa ajali nilifanya hivi: elfu moja kwa siku, tuseme siku 26 za kazi, hiyo ni 26,000 kwa mtu. Tuko 40. Nikawauliza inakuwa ngapi, wakatoa simu wakapiga wenyewe, 1,040,000 kwa mwezi. Sikuwaambia mimi, walijiambia wao, na mtu habishani na hesabu aliyoipiga kwa kidole chake. Namba kubwa zipe sura. Ukisema watu 45,000 haina maana kwa mtu, ukisema "Namboole ikijaa mpaka juu" ameshaona.

Taja ulikotoa. Haichukui hata pumzi mbili, "kwa sensa ya 2024 tuko kama milioni 45.9", basi. Cha WhatsApp kilichofowadiwa mara nyingi usikipandishe jukwaani mpaka umejua nani alikisema kwanza, lini, na kama kuna mtu mwingine asiyehusika naye aliyesema hivyo hivyo. Ukikosa hayo, kiache.

Nikupe mfano unaonichekesha. Ukienda karibu kila semina ya kuongea mbele za watu utaambiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Hiyo inatoka kwa tafiti za Albert Mehrabian za mwaka 1967, na yeye alikuwa anapima kitu kidogo sana, mtu anaposema neno moja linaloonyesha anapenda au hapendi huku sauti au uso ukipingana na hilo neno, msikilizaji anaamini nini. Mwenyewe ameshasema haihusu mawasiliano yote. Na fikiria tu, kama maneno yangekuwa asilimia 7 basi ungeangalia taarifa ya habari ya Kichina ukaelewa karibu yote. Lakini walimu wa kufundisha watu waongee ukweli wanaendelea kuirudia, manake inapendeza kwenye slaidi.

Maneno ya mtu mwingine nayo ni mali ya mtu. Joe Biden mwaka 1987 alikuwa anagombea urais wa Marekani, akatumia vipande vya hotuba ya mwanasiasa wa Uingereza, Neil Kinnock, kuhusu ukoo wake na elimu, siku moja hakumtaja, habari ikatoka, na ndani ya Septemba hiyo hiyo akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Jambo la kusikitisha ni kwamba siku zingine alikuwa anamtaja vizuri tu. "Kama alivyosema fulani" ingemwokoa.

Kupanga

Kuna mpangilio wa hatua tano wa profesa Alan Monroe wa chuo kikuu cha Purdue, wa miaka ya 1930, na mpaka leo mimi sijaona bora zaidi ukiwa unashawishi. Washtue kwanza, waonyeshe shida, wape suluhisho, wafanye waone maisha yatakavyokuwa, halafu waambie wafanye nini leo. Kwenye mfuko wetu ilitoka hivi. Nilisimama nikashika kofia ya pikipiki iliyopasuka bila kusema kitu kwa sekunde kadhaa, kila mtu alijua ni ya nani. Kisha shida: mwenzetu alipoanguka tulizunguka na kofia tunaomba pesa usiku. Suluhisho ni ile elfu moja na hesabu yake. Kisha picha: simu inalia saa nne usiku, mweka hazina anatoa pesa kwenye simu, mgonjwa anapokelewa, hakuna anayezunguka. Mwisho: "Daftari liko kwa mweka hazina, anayekubali aje aandike jina kabla hajaondoka."

Nilimwomba mwenye kofia ruhusa kwanza. Nilienda kwake, nikamwambia nitasema nini na sitasema nini, akaniambia usitaje bili ya hospitali, sikuitaja. Hadithi ya mtu mwingine ni kama pikipiki ya kuazima, unauliza kabla hujawasha.

Kuhusu mwanzo, mawili. La kwanza, usianze na "mimi si msemaji mzuri" au "sikujiandaa sana", kama hukujiandaa umekuja kufanya nini. La pili ni hii protokali yetu ya kutaja waheshimiwa wote kuanzia mbunge mpaka mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), dakika nane zimeisha watu wamechoka kabla hujaanza. Huwezi kuiruka, ukiiruka utaambiwa huna adabu, na kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe) au msiba ndo usijaribu kabisa. Taja mwenyeji, taja aliye mkubwa kuliko wote, wazee kwa pamoja, halafu "wote kwa heshima zenu". Nusu dakika. Majina hayo yaandike, na uulize matamshi.

Urefu? Pale Gettysburg Novemba 1863 Edward Everett aliongea kama saa mbili, akafuata Abraham Lincoln na maneno kama 270 hivi, dakika mbili au tatu. Niambie unamkumbuka nani.

Mazoezi

Kuongea kwa mwendo wa kawaida ni kama maneno 120 mpaka 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika saba ni maneno kati ya 840 na 1,050. Ukiwa na kurasa tano zimejaa, usijidanganye kwamba utakimbia, punguza sasa.

Usikariri yote. Aliyekariri akisahau neno moja anaanguka na ghorofa zima. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati andika pointi kwenye kadi ngumu, herufi kubwa, maneno matatu manne kwa kila pointi (karatasi laini inatetemeka na mkono wako, kila mtu anaona). Kisha fanya kwa sauti, ukiwa umesimama, si kichwani ukiwa kitandani. Mara tano angalau. Jirekodi na simu, usikilize, ni mateso najua, mimi niligundua nasema "yaani" kila baada ya sekunde chache kama vile nalipwa kwa hiyo. Dawa yake si kujikaza, dawa ni kunyamaza. Pale unapotaka kusema "yaani" funga mdomo. Kwako utaona ni kimya cha mwaka mzima, kwa wanaosikiliza ni pumzi tu, na wanaona unafikiri.

Wanaosema "mimi naongea ya moyoni, sijiandai" wanapenda kumtaja Martin Luther King, kwamba Agosti 28, 1963 pale Washington aliacha karatasi yake akaanza ile ya ndoto. Kweli aliiacha, na mwimbaji Mahalia Jackson alikuwa nyuma anamwambia waambie kuhusu ndoto. Lakini alijuaje ana ndoto ya kuambiwa? Kwa sababu kipande hicho mwenzio alishakitumia kabla, pamoja na kule Detroit miezi miwili nyuma. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya maelfu ya watu.

Uoga

Uoga hauishi, na sikudanganyi. Moyo unakimbia, viganja vinaloa, mdomo unakauka, hiyo ni adrenalini, mwili umejiandaa kupigana au kukimbia na wewe hutaki kufanya chochote kati ya hivyo. Kinachosaidia ni pumzi: vuta kwa pua pole pole tumbo lijae, toa taratibu zaidi kuliko ulivyovuta, mara nne tano. Fika mapema utembee pale mbele pakiwa tupu. Salimia watu wawili watatu mlangoni, ukianza uangalie hao. Maji ya kawaida karibu, si soda baridi, soda itakurudia kwenye maiki.

Maiki

Sitarefusha. Weka maiki umbali wa ngumi moja na mdomo, chini kidogo ya midomo, na ukigeuza kichwa maiki igeuke nawe. Usisimame mbele ya spika, ndo pale inapopiga ule mluzi wa kutoboa masikio na watu wanamlaumu kijana wa mitambo. Usiipige kwa kidole na usipulize. Mvua ikianza kupiga mabati, nyamaza, usishindane nayo, utaharibu koo na hakuna atakayekusikia, simama tabasamu usubiri. Umeme ukikata, sogea katikati ya watu, waombe wasogee na wao, ongea polepole kuliko ulivyozoea. Mkutano wangu mzuri kuliko yote ulikuwa bila umeme.

Macho: mtu mmoja, sentensi moja, halafu mwingine upande wa pili. Mikono iache ifanye kazi yake, itoe tu mifukoni.

Pale usipovuka

Kushawishi kuna njia za mkato na zinafanya kazi, tusidanganyane, ndo maana zinatumika. Unamshambulia mtu badala ya hoja yake, "huyu anayepinga hata mke amemshinda". Unawapa watu njia mbili wakati ziko sita, "aidha mnakubali elfu tano au mnataka kufa maskini". Unachukua hoja ya mpinzani unaigeuza ya kijinga halafu unaipiga. Unachukua mtu mmoja aliyefanikiwa unasema wote watafanikiwa. Hii ya mwisho ndo yangu ya chini ya mwembe.

Hisia ni halali kama ukweli wake unalingana nayo. Kofia iliyopasuka ilikuwa ya kweli, ajali ilikuwa ya kweli, uoga waliousikia ulilingana na hatari wanayoendesha ndani yake kila siku. Ningeleta picha ya maiti kutoka intaneti ya nchi nyingine nikasema ni jana hapa, hiyo ni kitu kingine.

Na utani wa makabila. Najua, ma-emsii wetu wanaishi kwa huo utani, Muganda hivi Mkiga vile, na kwenye harusi watu wanacheka, mimi pia nacheka. Kipimo changu ni kama mtu wa kabila hilo, aliye peke yake kwenye chumba hicho, anacheka kweli au anatabasamu ili yaishe. Ukiingia siasa au ardhi, acha kabisa. Jirani zetu Rwanda walikuwa na redio RTLM, ilianza 1993, ina muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, utani mwingi, na ndani ya utani huo wakawaita watu mende mpaka watu wakauawa kama mende mwaka 1994. Mahakama ya Arusha, ile ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili kati yao wa redio hiyo. Wale watangazaji walijua kuongea, hilo hakuna anayebisha. Usimwite binadamu mnyama kwenye maiki, hata ukilipwa, hata ukiona wote wanacheka.

Maswali

Acha muda wa maswali na useme mapema ni dakika ngapi. Swali likija lirudie kwa sauti, kwanza wa nyuma wasikie, pili unapata sekunde za kufikiri. Jibu aliyeuliza kisha hamisha macho kwa wote. Mwenye swali la dakika sita, mkatize kwa adabu, "mzee wangu nimekupata, swali lako ni hili?", ulifupishe wewe bila kulipotosha. Mbishi usimfokee, mwambie sehemu aliyo sahihi kwanza, kama ipo.

Na kama hujui, sema hujui, na useme lini utaleta jibu. "Sijui, nitauliza, Jumamosi nawaletea" halafu Jumamosi ulete kweli. Mara ya kwanza nilipolisema hilo nilidhani nimejimaliza, kumbe kuanzia siku ile watu ndo wakaanza kuniuliza mambo ya maana.

Ukiwa ulishasema uongo

Haya, mzee wa daftari. Pale kwa mama wa chai nilimwambia nitamletea jibu. Nikazunguka wiki nzima nauliza steji moja baada ya nyingine, hiyo steji ya pikipiki haipo, niliyemkaribia zaidi ni kijana mmoja aliyenunua yake kwa mkopo ambao bado analipa.

Ukishajua ulikosea, sahihisha pale pale uliposemea. Si kwa kumnong'oneza mmoja, si kwenye gruupu ya WhatsApp saa sita usiku. Watu wale wale, mahali pale pale, na mwanzo wa mkutano si mwishoni wakati nusu wameondoka. Sema ulichosema, sema kilicho kweli, sema nini kinabadilika, usijieleze sana. Mimi nilisimama chini ya mwembe ule ule nikasema: "Mkutano uliopita niliwaambia kuna steji kila mtu amepata pikipiki kwa mwaka. Nilisikia tu, sikuhakikisha, nimetafuta, haipo. Elfu tano mliipitisha kwa neno langu, kwa hiyo naomba tuipigie kura upya, na aliyelipa zaidi akitaka kurudishiwa, mweka hazina yuko hapa." Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alinitukana, kwa Kiswahili kizuri sana.

Wakapiga kura, ikashuka ikawa elfu tatu. Watu saba walichukua pesa zao. Mzee akauliza tarehe ya leo, akaandika kwenye daftari, akaandika elfu tatu, kisha akaniuliza ile ya kwanza aikate kwa mstari mmoja au aifute kabisa. Nikamwambia mstari mmoja, isomeke.